Niko CRB, na Wewe Pia

Ukitaka kumnyamazisha msee anayejigamba mtaani kwetu Kayole, huna haja ya kutafuta matusi. Mwambie tu, "Punguza, wewe uko CRB." Kila mtu atacheka, hata yule ambaye asubuhi hiyo amefuliza mia na thelathini anunue mkate na maziwa. Nimeusikia utani huu kwa kinyozi, nimeusikia kwenye matatu, na kuna harusi moja ambapo mshereheshaji alimuuliza bwana harusi kama cheti chake cha CRB kiko sawa kabla apewe cheti cha ndoa. Bibi harusi hakucheka sana.

Shida ya utani wenyewe ni kwamba hauna maana. Kama umewahi kukopa M-Shwari, kama umewahi kufuliza, kama una mkopo wa benki ama wa sacco, basi kuna uwezekano mkubwa jina lako liko CRB sasa hivi unaposoma. CRB ni kabati la mafaili. Kampuni zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya ni tatu, yaani TransUnion, Metropol na Creditinfo, na kazi yao ni kupokea habari kutoka kwa wakopeshaji: nani alikopa ngapi, lini, na akalipa vipi. Walipaji wazuri wamo, walipaji wabaya wamo. Faili lako linasema nini, hilo ndilo swali, na wengi wetu hatujawahi kulifungua.

Naelewa tulivyofika hapa. Kanuni za kwanza za CRB zilitoka 2008, kampuni ya kwanza ikapata leseni 2010, na miaka hiyo ya mwanzo benki zilikuwa zinapeleka habari mbaya tu. Kwa hivyo ni kweli, wakati huo ukisikia mtu ako CRB ujue ameshindwa kulipa mahali. Kanuni za 2013 ndizo zilizofungua mlango habari njema nazo ziingie, lakini lugha ya mtaa haingoji kanuni. Neno lilikuwa lishaoza. Halafu mikopo ya simu ikaja: M-Shwari Novemba 2012, apu zikafuata moja baada ya nyingine, Fuliza ikaingia Januari 2019, na mtu ambaye hajawahi kukanyaga kapeti ya benki akajikuta na faili. Kuna walioorodheshwa kwa deni ambalo halingetosha unga na mafuta. Ilibidi mwaka 2020 isemwe wazi kwamba deni lisilofika shilingi 1,000 lisipelekwe huko, na Aprili hiyo hiyo Benki Kuu ikazifungia nje apu ambazo hazikuwa zinasimamiwa na mtu yeyote.

Haya yote nayajua kwa sababu mbili. Ya kwanza inachekesha.

Niliacha chuo mwaka wa pili, 2018, karo iliposhindikana. (Sikuwa na HELB, kwa hivyo usianze kunihesabia.) Tangu hapo nakula kwa kuandika, na kati ya 2021 na 2023 chakula hicho kilitoka sana kwa mteja mmoja wa Marekani aliyekuwa na tovuti kadhaa za mambo ya pesa. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha Wamarekani namna ya kuinua alama zao za mkopo. Dola nane kwa maneno elfu moja. Nilikuwa naandika usiku, kwa sababu mchana fundi wa kuchomelea vyuma pale chini akiwasha mashine yake taa zangu zote zinakonyeza.

Nikawa profesa wa vitu ambavyo sijawahi kuviona. Alama ya FICO inaanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 ni historia yako ya kulipa, 30 ni kiasi unachodaiwa, 15 ni umri wa hiyo historia, 10 ni mikopo mipya, na 10 ya mwisho ni mchanganyiko wa aina za mikopo. Habari ya deni lililokushinda inakaa kwenye ripoti miaka saba. Nilikuwa naandika "sisi". Sisi tunaotumia kadi, sisi tulionunua nyumba kwa mkopo wa miaka thelathini. Nilimshauri baba mmoja wa Ohio (kichwani mwangu alikuwa wa Ohio) asipitishe asilimia 30 ya kikomo cha kadi yake, nami nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa kwa sababu kiti kilivunjika Machi na Machi ilikuwa mbali. Kadi ya mkopo sijaishika mpaka leo.

Kitu kimoja kilinishangaza katika yale niliyokuwa nasoma ili niandike. Mmarekani mwenye alama mbaya anaizungumzia vile mtu huzungumzia kitambi. Inamuudhi, lakini anajua kuna mazoezi. Sisi tunaizungumzia kama ugonjwa ambao mtu anafichwa nao chumba cha nyuma wageni wakija.

Sababu ya pili haichekeshi.

Desemba 2023 laptopu yangu ilikufa. Fundi wa Luthuli Avenue aliifungua, akainusa, akaifunga bila kusema neno, na hapo nikajua. Kila siku bila laptopu ni siku bila dola. Nilikuwa na karibu miaka mitatu kwenye sacco moja ndogo, nikiweka elfu moja kila mwezi, na akiba ilikuwa imefika elfu thelathini na kitu. Sacco nyingi hukupa hadi mara tatu ya akiba yako ukipata wadhamini, kwa hivyo nikaomba elfu sitini. Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi na mwanachama wa sacco hiyo hiyo. Alikubali kunidhamini kabla hata chai yake haijapoa. Sahihi, nambari ya kitambulisho, tumemaliza.

Wiki mbili baadaye simu ikapigwa, lakini hawakunipigia mimi. Walimpigia yeye. "Mwalimu," karani wa mikopo akamwambia, "huyu kijana ulimdhamini ako CRB. Ulikuwa unajua?"

Dada alikuja kwangu jioni hiyo akiwa bado na chaki kwenye mkono wa sweta. Hakukaa.

"Uko na deni gani hujatuambia?"

"Sina."

"Usinifanye mjinga. Ni kubeti?"

"Dada, walai sina deni."

"Kwa hivyo karani ndiye ananidanganya?"

Huyu ni mtu aliyenilipia karo ya kidato cha nne kwa mshahara wake wa kwanza. Alikuwa ananiangalia vile abiria huangalia chenji aliyopewa na makanga, akiihesabu mara ya pili. Kabla ya kutoka alisema mama asiambiwe. Siku mbili baadaye mama alikuwa anajua, na sijui nani alimwambia, maana kwenye familia yetu siri hutembea zenyewe.

Nikaomba ripoti zangu. Hiki ni kitu ambacho wengi hawajui: una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka, na huhitaji kumweleza mtu kwa nini unaitaka. Niliomba kwa kampuni zote tatu, nikaenda saiba pale kituoni nikazifungua moja moja huku nimeificha skrini kwa bega kama mtoto anayefanya mtihani. Kila moja ilinipa alama yake, kwa sababu kila kampuni ina hesabu zake. Za Metropol huanzia 200 hadi 900, na chini ya 400 ni mahali pa watu walioshindwa kulipa. Mimi nilikuwa na 388. Na zote tatu zilikuwa na mstari mmoja unaofanana: benki ndogo ambayo sijawahi kuingia mlango wake, deni la shilingi 2,900, siku za kuchelewa zaidi ya 850.

Jina la benki ndilo lililonichanganya, na labda litakuchanganya wewe pia siku moja. Jina unaloliona kwenye apu si lazima liwe jina litakaloandikwa kwenye ripoti. Apu ina jina tamu na rangi za kupendeza. Ripoti inaandika kampuni iliyo nyuma yake, ile ambayo jina lake liko chini kabisa ya masharti, kwa herufi ndogo kama chawa. Nililala nikiwa na hakika kwamba mtu ametumia kitambulisho changu. Saa tisa usiku nikaamka. Ile 2,900 nilikuwa naijua.

Agosti 2021 malipo ya mteja yalichelewa nikakopa elfu sita za kodi. Siku 30, asilimia 15, jumla 6,900. Nikazilipa kwa mafungu mawili: elfu nne kwanza, halafu 2,900 tarehe 10 Septemba, siku tatu kabla ya siku ya mwisho. Meseji ya M-Pesa ikaingia, apu ikaonyesha sifuri, nikaendelea na maisha. Baadaye apu yenyewe ilitoweka, vile hizi apu hutoweka. Kumbe lile fungu la pili lilifika kwenye apu lakini halikufika kwenye vitabu vya benki iliyokuwa nyuma yake. Kwa hao watu wa vitabu nilikuwa nimekwama tangu Septemba hiyo, na kila siku jua lilipochomoza niliongezewa siku moja.

Kanuni zinamtaka mkopeshaji akuarifu kabla hajapeleka jina lako. Sikuona ilani yoyote. Na hapa pana kichekesho ambacho bado hakijaacha kuniuma. Novemba 2022 Benki Kuu iliwaambia wanaotoa mikopo ya simu ya hadi siku 30 wawapunguzie wadaiwa waliokwama angalau nusu ya deni na waibadilishe hali yao kwenye mafaili, mpango uliokwenda hadi mwisho wa Mei 2023. Watu milioni 4.2 walikuwa wameorodheshwa. Mimi niliandikia blogu moja ya hapa nyumbani habari hiyo, nikaweka hata aya ya kuwahurumia hao watu. Nilikuwa mmoja wao.

Kufikia hapo kila mtu alikuwa na ushauri mmoja: lipa. Elfu mbili mia tisa ni nini? Dada alisema hata yeye atanipa hiyo pesa, bora tutoke kwenye aibu. Nilipoenda tawi la ile benki, kijana wa dawati aliniambia kwa upole wote wa dunia, "Boss, ukilipa leo tunakufungua." Na mtandaoni nikapata jamaa ambaye picha yake ni nembo ya serikali, anataka 1,500 "kunisafisha" ndani ya saa 24. Huyo wa mwisho ni mwizi na wote wa aina yake ni wezi. Hakuna mtu wa pembeni mwenye ufunguo wa kabati lile. Aliyeandika ni mkopeshaji, na anayepaswa kurekebisha ni mkopeshaji.

Dada na kijana wa dawati walikuwa na nia njema. Lakini zile kanuni zina kitu ambacho nia njema haisomi: habari ya deni lililokushinda inaweza kukaa kwenye faili lako hadi miaka mitano tangu siku ulipomaliza kulilipa. Hesabu inaanzia siku ya kulipa. Ningelipa Januari 2024, faili langu lingesema alikwama zaidi ya siku 850, akalipa 2024. Maneno hayo yangeweza kunifuata hadi 2029. Kwa shilingi 2,900 ningekuwa nimenunua hadithi ya uongo kuhusu mimi mwenyewe, na risiti juu.

Dawa ya deni ni kulipa, wazee walisema, na siwapingi. Dawa hiyo niliinywa chupa nzima mwaka 2021. Sasa naambiwa niinywe tena kwa sababu hospitali imepoteza kadi yangu.

Nikakataa. Dada aliona kukataa kwangu kama ushahidi.

Kilichofuata kilichukua wiki saba na hakina utamu wa kusimulia, lakini nitakupa mifupa yake kwa sababu kuna mtu anaihitaji. Niliomba taarifa ya M-Pesa ya Agosti na Septemba 2021. Mistari miwili niliyoitaka ilikuwepo, yenye nambari za muamala, tarehe, saa na dakika. Nikachora duara kwenye ile ya pili. Nikajaza malalamiko kwa kampuni za CRB, na hapo nikajifunza kwamba hao hawaamui nani ana haki. Wanapokea malalamiko, wanamuuliza mkopeshaji, wanangoja ajibu. Kwa hivyo mkopeshaji asipobanwa, ngoma inalala. Nikamwandikia mkopeshaji barua pepe, nikaambatisha kila kitu, halafu nikaenda mwenyewe. Mara ya kwanza mfumo ulikuwa chini. Mara ya pili mfumo ulikuwa juu lakini mtu wa mfumo alikuwa likizo. Mara ya tatu nilienda na daftari ambalo nilikuwa nimeandika kila simu niliyopiga, tarehe, na jina la aliyeshika, nikalifungua juu ya dawati na kuanza kusoma kwa sauti ya kanisani. Mama mmoja wa umri wa makamo alitoka ofisi ya nyuma, akaitazama ile taarifa ya M-Pesa kama dakika moja, akasema, "Hii si umelipa?"

Ndiyo, mama. Nimelipa.

Barua ilikuja Alhamisi moja mwezi wa Machi, mistari miwili: sidaiwi kitu, na taarifa iliyopelekwa imerekebishwa. Pole haikuwemo. Nilingoja nikaona mwenyewe kwenye ripoti kwamba ule mstari umeondoka ndipo nikaamini, maana barua ni barua na faili ni faili.

Najua wengi mnaosoma hamko kwenye hali yangu. Deni mnalodaiwa ni la kweli, lilichukuliwa kwa shida ya kweli, na likashindikana. Jirani yangu mwendesha boda alikuwa huko. Apu nne, jumla elfu kumi na moja, na alikuwa anakopa huku alipe kule mpaka akawa hajui tena ni ya nani inalipa ya nani. Shangazi yake wa Machakos alipigiwa simu na mtu anayemdai, shangazi ambaye hata hajui kutuma pesa. (Kanuni za mikopo ya kidijitali za 2022 zinakataza mchezo huo wa kuingia kwenye orodha ya majina kwenye simu yako ili kuwasumbua watu wako. Wakifanya hivyo, weka ushahidi, lalamika Benki Kuu.) Alichofanya jirani ni kitu rahisi na kigumu. Aliomba ripoti yake ili aone madeni yote mahali pamoja, kwa sababu kichwani yalikuwa yamekuwa ishirini. Akaacha kufungua apu mpya. Akaanza na lile dogo kabisa, akampigia kila mkopeshaji kumuuliza kama atakubali mafungu, na kila alipomaliza mmoja alidai barua ya kuthibitisha. Halafu alirudi kuangalia kama ripoti imebadilika, na kwa mmoja ilikuwa haijabadilika. Ilimchukua miezi tisa. Ile habari ya kwamba aliwahi kukwama bado iko, itakaa muda wake, lakini sasa iko kando ya neno "amelipa".

Pia kuna suala la cheti, kwa wale mnaotafuta kazi. Cheti cha CRB ni kitu tofauti na ripoti. Kile cha kwanza kilifanywa bure mwaka 2020, na baada ya hapo bei iliyozoeleka ni 2,200. Usikimbilie kukilipia kabla hujaisoma ripoti yako. Ni kama kupiga pasi shati ambalo hujaangalia kama limefuliwa.

Turudi kwangu. Nilidhani ule mstari ukiondoka alama yangu itaruka kama chura. Ilisogea tu. Ukiondoa uongo kwenye faili langu, kilichobaki kilikuwa karatasi nyembamba sana: mikopo michache ya simu, basi. Hapo ndipo yule profesa wa Ohio alipokuja kunisaidia, kwa sababu katika yote niliyowaandikia Wamarekani, yanayohusu kadi hayakunifaa hata kidogo, lakini lile la kwanza, la asilimia 35, linavuka bahari bila pasipoti. Lipa kwa wakati, na uendelee kulipa kwa wakati hadi uchoshe watu.

Sacco ilikubali kuniangalia tena. Safari hii niliomba elfu ishirini, za laptopu ya ex-UK yenye mkwaruzo kwenye kona, nilipe kwa miezi kumi. Nikaweka tarehe yangu kuwa ya 25 wakati yao ni ya mwisho wa mwezi, ili mteja akichelewa nipate siku tano za kuhangaika. Sikuomba mkopo mwingine popote. Fuliza niliiacha ilivyo, nikajifundisha kulala na shilingi kumi na moja kwenye simu bila kuona kama dunia inaisha, jambo ambalo ni gumu kuliko linavyosikika. Alama ikatoka 388 ikafika mia nne na kitu, ikakaa hapo hadi nikaisahau, na nilipomaliza mkopo ilikuwa 561. Si nambari ya kuweka kwenye fremu, lakini wakati wa 388 niliona kama nambari haziwezi kusonga.

Dada ndiye aliyenidhamini tena. Mara hii chai ilipoa. Alisoma fomu kila mstari, akauliza maana ya maneno mawili, akaitisha nakala ya ile barua ya benki na kuitia kwenye faili lake la plastiki pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake. Hajaniomba msamaha, nami sijaudai. Ila siku nilipomaliza fungu la mwisho alinitumia meseji yenye neno moja, "Umeona," na mpaka leo sijui alikuwa ananiuliza ama ananiambia.

Halafu kuna mama. Mama ndiye mlipaji bora ninayemfahamu. Chama chao cha wanawake kina miaka ishirini na mbili, hukutana Jumapili baada ya kanisa, na hajawahi kukosa mchango hata mara moja. Mwezi tuliomzika baba, mchango ulienda, ukabebwa na dada ndani ya bahasha, mama akiwa bado amekaa kwenye mkeka na waombolezaji. Duka likimdai sabuni analipa kabla povu halijaisha. Mwaka jana alienda benki kuuliza kuhusu mkopo wa kuongeza mzigo wa mitumba, akaambiwa hana historia. Alirudi nyumbani amekasirika kwa namna ambayo sikuwa nimeiona. Hana historia, yeye?

Akaniambia nimwangalizie huko kwenye mambo yangu ya CRB. Tukakaa mezani, nikamsaidia kuomba ripoti kwa simu yake, tukangoja. Ilikuja na mstari mmoja tu. M-Shwari, shilingi 1,000, 2021, umelipwa.

Alicheka mpaka akatoa miwani. "Hiyo nilikuwa nataka tu kuona kama ni kweli simu inaweza kutoa pesa."

"Sasa ndiyo historia yako."

"Na chama?"

"Chama hakiko hapo. Hakuna mtu huwapelekea."

Alinyamaza kidogo, akiisoma ile skrini juu hadi chini ingawa hakukuwa na cha kusoma.

"Nikikopa elfu ingine," akasema, "halafu nilipe wiki ijayo, watanijua zaidi?"

"Kidogo."

Akavaa miwani, akavuta simu upande wake wa meza, akaniuliza anabonyeza wapi.